Gari la Herufi Q

Banda la gari lililo nyuma ya nyumba yetu hapa Coventry, Uingereza, lina upana wa mita 2.4 na urefu usiotimia mita 5. Kabla ya mwaka 2019 halikuwahi kulaza gari hata siku moja. Lilihifadhi baiskeli mbovu, makopo ya rangi iliyokauka na masanduku ya nguo ambazo mke wangu alikuwa ameahidi kuzituma Tanga. Ndani ya banda hilo, kwa muda wa miaka mitatu na miezi miwili, niliunda gari dogo la spoti lisilo na paa, nakala ya Lotus Seven, na haya ninayoyaandika ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia kabla sijakata bomba la kwanza.

Kwa wasiolifahamu, Lotus Seven ni gari alilolibuni Mwingereza Colin Chapman na kuanza kuliuza mwaka 1957. Halina mambo mengi. Ni kiunzi cha mabomba ya chuma kilichovishwa bati la alumini, injini mbele, viti viwili vilivyosukumwa nyuma hadi karibu na ekseli, na matairi ya mbele yakiwa nje kabisa ya bodi, kila moja na digadi yake. Uzito wake ulikuwa karibu kilo 500. Zama zile serikali ya Uingereza ilitoza kodi ya manunuzi kwa gari lililokamilika lakini si kwa vipande vyake, kwa hiyo wateja wengi walinunua vipande na kujiundia wenyewe nyumbani. Husimuliwa kwamba sheria ilikataza kuambatanisha maelekezo ya kuunda, ndipo kampuni ya Lotus ikaambatanisha maelekezo ya kufungua, na mteja akawa anayasoma kuanzia ukurasa wa mwisho. Kodi hiyo iliondoka mwaka 1973 ilipoingia VAT, na mwaka huohuo haki za kuliunda gari hilo zikahamia kwa Caterham, ambao wanaliunda mpaka leo. Pembeni mwao wapo watu kama mimi, wanaonunua mabomba kwa muuza vyuma na kuchomelea kiunzi chao wenyewe kwa kufuata michoro.

Nililiona la kwanza katika maegesho ya jumba la makumbusho ya magari la Gaydon, kusini mwa Coventry. Mwenyewe, mzee wa makamo aliyevaa kofia ya sufu, aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba ameliunda kwenye banda lake. Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba nami nitaweza, na hakika hiyo ilitokana na jambo moja: baba yangu ni fundi wa bodi. Nimekulia katika gereji yake Tanga, nikimshikia taa, nikipiga msasa, nikimtazama akirudisha mlango uliopinda mahali pake bila kugusa rula. Alikuwa akirudi nyuma hatua tatu, anafumba jicho moja, kisha anasogea na kupiga nyundo mara mbili pale panapostahili.

Kile nisichokitambua ni kwamba gari linalotengenezwa hujipima lenyewe. Mlango wa kushoto ukiharibika, wa kulia upo na utakueleza yote. Bawaba zimekaa pale zilipowekwa na kiwanda, na mstari wa bodi unaanza mbele na kwenda nyuma, nawe kazi yako ni kuufuata. Gari lisilokuwepo halina upande wa pili wa kutazamia. Hilo lilinichukua mwaka mzima kulielewa, na lilinigharimu mabomba mengi.

Nilianza kwa kununua Mazda MX-5 ya mwaka 1992 yenye injini ya lita 1.6, kwa pauni 600. Vizingiti vyake vya milango vilikuwa vimeoza kwa kutu, maradhi ya kawaida ya magari hayo hapa Uingereza ambako barabara humwagiwa chumvi kila kipupwe, na ilikuwa imeanguka katika ukaguzi wa mwaka unaoitwa MOT. Kwa mwenye gari ilikuwa takataka. Kwa mwenye nia kama yangu ilikuwa duka zima la vipuri: injini, gia boksi, difu (sanduku la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma), breki, usukani, nyaya na hata viti. Nilitumia majuma mawili kuifungua. Kila nati iliingia katika mfuko wa plastiki wenye jina lake, na kila kitu nilikipiga picha kabla ya kukigusa. Picha hizo, karibu 1,400, ndizo zilizoniokoa mara nyingi kuliko chombo chochote nilichonunua, na mwishoni zilikuwa pia ushahidi kwa wakaguzi kwamba gari nimeliunda mwenyewe.

Hata hivyo, kupiga picha si kuelewa. Chini ya MX-5 kuna boriti ndefu ya alumini inayounganisha mkia wa gia boksi na pua ya difu. Niliifungua, nikaiona nzito na isiyopendeza, nikadhani ni ya kutuliza mtetemo tu, nikamuuzia mnunua vyuma chakavu pamoja na mabaki ya bodi. Miezi minane baadaye, injini na gia boksi zikiwa zimening'inia kwenye winchi ndani ya kiunzi changu kipya, nilitafuta mahali ambapo mkia wa gia boksi hufungwa, nikapakosa. Hapakuwepo. Katika gari hilo gia boksi haina mkono wake wa nyuma, na pua ya difu haina pa kushikia. Boriti ile ndiyo inayovibeba vyote viwili, moja ikimtegemea mwenzake. Nilikaa juu ya ndoo nikiitazama nafasi tupu kwa muda ambao sitaki kuutaja. Kununua boriti nyingine kulikuwa rahisi, pauni 45 tu, lakini nililazimika kukata na kuhamisha mabomba mawili ya katikati ili ipate kupita. Tangu siku ile sikutupa kipuri kabla ya kuweza kueleza kwa maneno yangu kinabeba nini na kinabebwa na nini.

Sasa nifike kwenye kiunzi, maana hapo ndipo nilipojifunza mengi zaidi, na kwa uchungu zaidi.

Mabomba ni ya mraba, milimita 25 kwa 25, unene wa ukuta milimita 1.6. Hukatwa kwa pembe mbalimbali, hupangwa juu ya meza ya ubao mzito iliyochorwa umbo la sakafu ya gari, na hubanwa kwa vipande vya mti vilivyokazwa kwa skrubu ili yasiteleze. Kisha huchomelewa. Mashine yangu ilikuwa ya waya na gesi, si ile ya vijiti niliyoizoea kwa baba, na nilitumia jumla ya wikiendi sita kuchomelea vipande vya majaribio na kuvipasua katika jiliwa ili nione kama moto umezama au umelamba juu tu. Uchomeleaji unaweza kung'aa kama mkufu na bado ukakatika kwa pigo moja la nyundo. Nilivunja vingi kabla sijaamini mkono wangu.

Nilipoamini mkono wangu, ndipo nilipoharibu. Sakafu ya kiunzi ilikwenda vizuri, nikapandisha nguzo, nikaunganisha mabomba ya juu, na Jumapili moja jioni nikajisikia kwamba kazi imenoga, nikafunga viungo vyote vya upande wa kulia mfululizo, kuanzia mbele hadi nyuma, bila kupumzika. Chuma kikipashwa hutanuka, na kikipoa hujikunja kuelekea upande uliochomwa. Kila fundi anayajua hayo, hata mimi niliyajua. Baba alikuwa akituonya tuchome kidogo hapa, kidogo kule, kama mtu anayekaza nati za gurudumu. Asubuhi nilipopima mishazari miwili, kutoka kona hadi kona, ulipaswa urefu wake ulingane. Mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake kwa milimita 9, na nilipokiweka kiunzi juu ya sakafu iliyosawazishwa, mguu mmoja ulibaki hewani kama wa mbwa anayekojoa.

Nilimpigia baba simu kwa video.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona uso umekuvaa hivyo?"

Nilimweleza. Aliniamuru nizungushe simu taratibu, akatazama kila kona, kisha akauliza kitu ambacho sikukitarajia. Hakuuliza habari za moto. "Hilo bomba la tatu, uliposimika, ulipima kutoka wapi?"

"Kutoka bomba la pili, baba."

"Na la pili?"

"Kutoka la kwanza."

Alicheka mpaka akakohoa. "Basi wewe hukujenga gari, umejenga ukoo. Kila mtoto amerithi kosa la mzazi wake na kuongeza la kwake."

Alikuwa na haki. Joto lilikuwa limechangia, lakini nilipopima upya niligundua kwamba karibu nusu ya upotofu ule ulikuwepo hata kabla sijawasha mashine, kwa sababu kila kipande nilikipima kutoka kwa jirani yake, na milimita moja ya hapa ilikuwa imeungana na nusu milimita ya pale bila mimi kuona. Nilichora mstari mmoja wa katikati juu ya meza, kutoka mbele hadi nyuma, nikaukwaruza kwa msumari ili usifutike, na tangu hapo kila kipimo cha kulia na kushoto kilitoka kwenye mstari huo na si kwingine. Nilikata viungo kumi na saba kwa grainda. Niliviunga tena kwa nukta ndogondogo kwanza, gari zima, bila kufunga kiungo hata kimoja mpaka mishazari ilipokubaliana. Kisha nikafunga sentimita mbili mbili, nikiruka kutoka upande mmoja kwenda mwingine na kuacha chuma kipoe. Kazi ambayo ningeimaliza kwa siku moja ilichukua majuma matano ya jioni za baada ya kazi. Tofauti ya mwisho ilikuwa milimita 1.5. Wapo watakaosema ni nyingi. Mimi ni dereva wa basi, nami niliridhika.

Bati la alumini halikunisumbua sana. Hukatwa, hukunjwa, hupakwa gundi na kufungwa kwa ribiti, mamia ya ribiti, na baada ya ribiti ya mia mbili mkono wako hukumbuka kila moja usiku. Jambo la kuzingatia ni kwamba alumini na chuma vikigusana penye unyevu, alumini huliwa, kwa hiyo kiunzi kipakwe rangi vizuri na gundi ienee kote kabla ya bati kulazwa. Pua ya gari na madigadi nilinunua yakiwa tayari, ya faibaglasi, kwa kuwa kuyatengeneza nyumbani kungehitaji kalibu na mapafu ya ziada.

Kuhusu nyaya nitasema kwa kifupi. Fungu zima la nyaya za MX-5 nililitandaza sebuleni, likafunika zulia kama mizizi ya mkoko, nikaondoa zile za madirisha na redio na kila kitu ambacho gari langu halitakuwa nacho. Mke wangu alistahimili siku nne. Siku ya tano alinieleza, kwa upole wa kutisha, kwamba dada yake anakuja Ijumaa.

Na kwa kuwa nimemtaja, niseme pia kuhusu wale wanaoishi na mjenzi. Mwaka 2020 ulipoingia na corona, sisi madereva wa mabasi tuliendelea kwenda kazini, na nilikuwa nikirudi nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauitibu. Banda lilikuwa pumziko langu. Lakini pumziko langu lilikuwa kelele kwa jirani wa upande wa kushoto, ambaye alikuwa akifanya kazi nyumbani, na lilikuwa kutokuwepo kwangu kwa watoto wawili waliofungiwa ndani. Sikulitatua vizuri. Tulikubaliana kwamba grainda isilie baada ya saa mbili usiku wala Jumapili asubuhi, na binti yangu mkubwa akapewa kazi ya kuandika majina ya mifuko ya nati kwa mwandiko wake mzuri kuliko wangu. Lakini ipo miezi ambayo nikikumbuka, ninakumbuka bomba fulani nililolichomelea na sikumbuki watoto walikuwa wakisoma nini. Fedha nazo zilipita makadirio. Nilikuwa nimejiambia pauni 3,500, na daftari langu lilifungwa kwenye 6,870, bila kuhesabu zana.

Gari la kujiundia haliingii barabarani Uingereza kwa sababu tu linatembea. Hupitia ukaguzi unaoitwa IVA, ulioanza mwaka 2009 ukichukua nafasi ya mwingine wa awali, na husimamiwa na DVSA, wakala wa serikali wa viwango vya madereva na magari. Mwongozo wake ni mnene, na ushauri wangu kwa yeyote ni kuusoma kabla ya kununua chuma, si baada ya kupaka rangi. Mimi niliusoma nikiwa nimekwishapaka rangi. Mkaguzi hukagua breki, mikanda na mahali inapofungiwa, vioo, taa, moshi, kelele na spidomita, na pia hutazama kila kitu kinachojitokeza nje ya bodi ambacho kinaweza kumchana mtu akigongwa. Kipimo chake ni tufe lenye kipenyo cha milimita 100: popote linapoweza kugusa, ukingo wa kitu hicho lazima uwe umeviringika kwa nusu kipenyo kisichopungua milimita 2.5. Juu ya gari ambalo vyuma vyake vyote vya mbele viko wazi, tufe hilo hugusa karibu kila mahali.

Niliazima trela, nikalipeleka gari, na baada ya saa nne na nusu mkaguzi, mtu mstaarabu asiyeinua sauti, alinikabidhi karatasi yenye makosa matano. Manne yalikuwa ya kuaibisha kwa udogo wake. Mkono wa taa ya mbele ulikuwa na ukingo mkali, nati kadhaa hazikuwa na kofia zake za plastiki, na mambo ya namna hiyo. Niliyarekebisha kwa mipira ya ukingo na vikofia vilivyonigharimu chini ya pauni 12. La tano lilikuwa usukani. Mkaguzi huendesha gari taratibu kwa mduara kisha huachilia usukani, nao unatakiwa uanze kurudi wenyewe kuelekea katikati. Wangu ulibaki pale ulipoachwa, umetulia kama paka juani.

Sababu yake ilinifurahisha kuielewa, ingawa haikunifurahisha kuirekebisha. Ukiutazama uma wa mbele wa baiskeli kutoka pembeni, utaona haukusimama wima. Umelala kidogo, na kwa sababu hiyo gurudumu hukokotwa nyuma ya mstari wa mhimili wake na hupenda kunyooka lenyewe. Gari nalo lina ulalo wa namna hiyo mbele, na ule niliouchukua pamoja na vitovu vya magurudumu vya MX-5 ulikuwa umepimiwa gari lenye uzito unaokaribia mara mbili ya langu. Juu ya gari jepesi, nguvu ya kunyooka haikutosha kuushinda msuguano wa usukani. Kwa bahati mikono ya juu ya sasfenshi, ile inayoshikilia magurudumu, nilikuwa nimeifunga kwa washa, yaani vipete bapa vya chuma, za kuhamishika. Nilihamisha washa kutoka upande mmoja hadi mwingine, ulalo ukapanda kutoka nyuzi 3 hadi zaidi kidogo ya 6, nikalegeza mahali palipokuwa pakibana kwenye fimbo ya usukani, nikajaribu katika uwanja wa maegesho wa rafiki mmoja siku ambayo hakukuwa na mtu. Usukani ulirudi. Haukurudi kwa haraka, ila ulirudi. Kutoka siku ya kuanguka hadi siku ya kurudi kwa mkaguzi zilipita wiki sita, na safari hii alinipa cheti.

Kwa kuwa kiunzi nilikitengeneza mwenyewe na sehemu nyingine ni za gari la zamani, DVLA ya Swansea, ambayo ndiyo inayosajili magari, ililipatia gari langu namba inayoanza na herufi Q. Hapa Uingereza namba za kawaida hueleza gari ni la mwaka gani. Q hueleza kwamba umri au asili yake haiwezi kuthibitishwa. Wapo wajenzi wanaoichukia herufi hiyo kwa kuwa hupunguza bei ya gari sokoni. Sikuwa na nia ya kuuza.

Jioni niliyoifunga namba hiyo nilimpigia baba kwa video, nikamzungushia gari lote, kisha nikamweleza maana ya Q. Alifikiri kidogo. "Tuko sawa basi," akasema. "Nami kwenye kitambulisho wameniandikia mwaka wa kukisia."

Halafu akaniomba nisogeze simu karibu na boneti, upande wa kushoto, ambako pengo kati yake na bodi ni pana kwa milimita 3 kuliko upande wa kulia. Sikuwa nimemwambia.